Dagaa Kwanza, Ndizi Baadaye

Nkwenda, 14 Januari 2024

Mkwe wangu Mama Joyness,

Salaam kutoka Nkwenda. Natumaini hamjambo huko Kituntu na mguu wako umeacha kukusumbua. Sisi tu wazima, isipokuwa hilo nitakalokueleza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, unajibu mambo mengine kabisa, na mambo ya wakwe si ya kupigiana kelele.

Kwanza mkungu wako wa ndizi. Umeuona umerudi kwenye gari la Gaudiosus, usikasirike. Uliposhushwa hapa stendi watu wakauliza umetoka wapi, na Gaudiosus kwa mdomo wake ule akasema, "Kwao mke wa Mugisha." Basi siku nzima nasikia kwamba mwanangu kaoa halafu wakwe ndio wanaolisha. Wewe Mnyambo mwenzangu, unajua binti aliyeolewa hatumiwi chakula na kwao kana kwamba alikokwenda kuna njaa. Mugisha ni fundi pikipiki, si tajiri wa kahawa, lakini kila Jumamosi ananipa hela ya gulio, na ndizi hazijakosekana kwenye sufuria yangu.

La pili. Mimba ya Joyness ina miezi mitano sasa. Kliniki wamempima, wamekuta damu yake ni ndogo. Wamempa vidonge, wakasema ale dagaa, maharage, mchicha wetu wa dodo na mayai. Isipopanda hatajifungulia hapa, atapelekwa hospitali kubwa huko mbali. Nikamwambia nesi, mwanangu, tangu ugonjwa wa mnyauko uingie kwenye migomba mkungu haushikiki bei, nikishaununua hela ya wiki inabaki ya chumvi na sabuni. Hayo mengine nitayanunua na nini? Na mayai kwetu mwanamke hali, sembuse mjamzito. Mimi nimezaa sita bila yai hata moja. Akaandika kwenye kadi, akaita mwingine.

Nimekuambia usije ukasikia kwa watu.

Mkwe wako,
Adelgunda, Mama Mugisha

---

Kituntu, 21 Januari 2024

Mkwe wangu Mama Mugisha,

Barua yako imefika, nashukuru. Mguu umepoa, na hapa wote tunaamka. Msalimie sana Mugisha.

Mkungu niliupokea nikacheka, kisha nikasoma lile la pili nikakaa chini. Mkwe, nisikilize. Dada yangu Beata alikwenda kujifungua akiwa na damu ndogo hivyo hivyo. Mtoto alipona, yeye hakurudi nyumbani. Joyness amefanana naye mpaka mwendo. Tangu nisome maneno yako usingizi wangu ni wa kubahatisha.

Ndizi hazina ubaya. Hata mimi nisipozila naona sijala. Lakini hapo kwako zimekula hela ya vyakula vingine vyote. Nunua chane chache badala ya mkungu mzima. Siku nyingine pika viazi vitamu. Maharage yapike humo humo na ndizi, ila yawe mengi, si yale ya kuhesabika. Dagaa wakaange bila mafuta, uwatwange, ule unga wao uwe unaumwagia kwenye mboga; kopo moja unakwenda nalo wiki nzima. Dodo usinunue kabisa. Mbegu nimekufungia kwenye karatasi, zimwage nyuma ya jiko.

Gaudiosus anakuletea na kuku wawili wanaotaga. Hao si wa Joyness, usije ukanirudishia. Ni zawadi yangu kwako, mkwe kwa mkwe, na unajua mwenyewe zawadi ya namna hiyo hairudishwi.

Mkwe wako,
Kemilembe, Mama Joyness

---

Nkwenda, 18 Februari 2024

Mkwe wangu,

Habari za Kwaresima? Sisi hatujambo. Kuku walifika salama na wanataga vizuri, ahsante sana. Ujanja wako nimeuona lakini. Mayai unajua siyali, kuku unajua siwezi kuwarudisha, ukadhani mayai yatakosa pa kwenda mpaka yamfikie binti yako. Mkwe, wewe ni mtu wa mipango.

Basi sikia. Hapa stendi kuna mama anakaanga chipsi, mayai ya kienyeji anayagombania. Nimekuwa nikimuuzia, na jana nimenunua mkungu ambao vijana wawili ndio walioubeba. Wale waliosema kwetu tunalishwa na wakwe wote wameuona. Joyness anakula sahani mbili za ndizi, humsikii akilalamika. Ila siku hizi akichota maji anakaa njiani kupumzika, na nimemkuta akitafuna udongo. Nadhani ni mambo ya mimba ya kwanza.

Dodo limeota.

Mkwe wako,
Adelgunda

---

Kituntu, 22 Februari 2024

Mama Mugisha,

Leo sitauliza habari za nyumbani, maana nimeshazisoma.

Kuku niliowatoa bandani mwangu, mayai yao umempa muuza chipsi. Mwanangu anakaa njiani na ndoo, anatafuna udongo, wewe unanunua mkungu ili majirani wauone. Nimekasirika na sifichi.

Nakuomba jambo moja. Kliniki ijayo usikae nje kwenye benchi, ingia naye ndani. Uone wanavyompima. Ukishaona, kama bado unaona ndizi zinatosha, niambie, nije nimchukue akazalie kwetu, watu waseme watakavyo.

Kemilembe, mama yake Joyness

---

Nkwenda, 31 Machi 2024

Mkwe wangu Mama Joyness,

Kristo amefufuka. Nakusalimu kwa Pasaka, na najua umengoja barua hii kwa hasira. Sikuwa na cha kuandika mpaka niwe na jibu.

Niliingia naye ndani. Nesi akamvuta kope la chini akaniambia, "Mama, tazama." Palikuwa peupe, mkwe. Mimi ninayeishi naye nyumba moja sikuwahi kuona. Damu ilikuwa imeshuka zaidi.

Jumamosi nikaenda gulioni nikampita Bigirimana, yule anayeniuzia ndizi miaka yote. Akaniita akidhani sijamwona. Nikanunua dagaa kwanza, nikanunua maharage, karanga, viazi. Kilichobaki ndicho nikarudi nacho kwake, kikanipa chane mbili. Jioni nikapika viazi, maharage na dodo lako lenye unga wa dagaa. Mugisha akatazama sahani, akauliza chakula kinakuja saa ngapi. Nikamwambia ndicho hicho, akingoja kingine atalala njaa. Akala, akaongeza, na siku hizi haulizi.

Shida ikawa mayai. Nilimchemshia mawili nikamwekea mbele. Hakugusa. Nikamwamuru, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, wewe huyali. Nitayalaje mbele yako?" Nikamwambia basi kale chumbani. Akasema hata chumbani atakuwa anajua. Umemlea vizuri mno, mkwe, mpaka inatia hasira.

Basi nikachukua yai moja, nikalimenya, nikala. Kwa umri huu. Nilikuwa natafuna nikimwona marehemu mama yangu amesimama mlangoni. Halina ajabu yoyote, linakwama kooni kidogo, ukitia chumvi linapita. Nilipomeza, Joyness akachukua lake. Tangu hapo kila asubuhi tunakaa mkekani, moja lake, moja langu. Muuza chipsi amenuna.

Wiki iliyopita wamempima tena. Imepanda, mkwe. Udongo ameacha mwenyewe. Nesi anasema vidonge asiache, tuendelee hivi hivi, na atazalia hapa hapa.

Ulikuwa na haki ya kukasirika.

Mkwe wako,
Adelgunda

---

Kituntu, 7 Aprili 2024

Mkwe wangu mpendwa,

Pasaka imekuwa Pasaka. Sisi wazima, mvua imeanza, na mimi nimelala usingizi wa kweli mpaka mume wangu akaja kunitikisa akidhani naumwa.

Ile barua yangu isiyo na salamu nisamehe. Hii yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale unapotafuna nacheka peke yangu. Na mimi nikuambie siri: sijawahi kula yai maishani. Nilikuletea kitu nisichokiweza mwenyewe. Umenishinda.

Mkwe wako,
Kemilembe

---

Nkwenda, 23 Mei 2024

Bibi mwenzangu,

Salamu fupi, naandika nikiwa hapa kituo cha afya.

Mjukuu wetu wa kike amefika alfajiri. Ana nywele tele na sauti kubwa, hiyo ni ya upande wenu. Joyness alitoka damu kidogo, ile ya kawaida, ikakata yenyewe. Nesi aliponiambia imekata, nilimkumbatia mtoto wa watu nikalia mpaka wenye wagonjwa wao wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Nilikuwa nimeogopa sana, mkwe. Ule wasiwasi wako wa Beata niliubeba tumboni tangu uliponiandikia, sikukuambia kwa sababu wako ulikutosha.

Tutamwita Beata, kama hutakataa. Mugisha na Joyness wamekubali.

Nilitaka kuandika mengi, lakini Joyness ameamka anasema ana njaa. Ngoja nikampikie.

Bibi mwenzako,
Adelgunda