Vimondo Vyangu na vya Athumani

Jumanne, 10 Desemba 1974

Nimo kwenye dungu, nalinda viazi. Tangu Athumani aninunie, nalala usingizi wa chifu. Sijamkumbuka hata kidogo.

Uongo. Silali. Moto wake nauona kilima cha pili, na yeye bila shaka anauona wangu. Miaka yote tunafukuza nguruwe hivi, kila mtu na dungu lake, bonde katikati, tukipiga madebe na kutukanana hadi alfajiri. Sasa kimya. Hata nguruwe wanashangaa.

Mdomo wangu ndio ulioharibu. Wiki iliyopita, shamba la ujamaa, Athumani kaegemea jembe. Nikasema, "Mtazameni, anambembeleza mke wa pili." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kumbe asubuhi ile alikuwa ameambiwa atahamishiwa kijiji kipya, kule chini njia ya Mombo. Sikujua. Mzee kama yule, joto lile.

Jumatano, 11 Desemba

Ukungu. Kidole changu mwenyewe sikioni. Nguruwe wamefukua matuta yangu, kisha wakavuka kwa Athumani. Yeye hali nguruwe, dini yake haitaki. Nguruwe hana dini, anamlia viazi. Utani mzuri kabisa. Umenichachia mdomoni.

Mke wangu, Naomi, kaniuliza nitanyoa lini, nimekuwa kama beberu. Zamu ni ya Athumani. Sisi hunyoana vichwa, na mara ya mwisho nilimnyoa mimi. "Basi kamwombe." Siendi.

Alhamisi, 12 Desemba

Lori la kumhamisha Athumani linakuja Jumamosi. Naogopa.

Ijumaa, 13 Desemba

Mbingu nyeupe kwa nyota. Mwezi hakuna. Vimondo vimeanza, kama kila Desemba. Sisi huvigawana: vya upande wa Shume vyangu, vya upande wa Lushoto vyake. Athumani husema ni mioto ya malaika, wanampiga shetani anayedukua habari za mbinguni. Mimi humwambia basi shetani wa hapa kwetu Lukozi hana haya, kila mwaka anapigwa palepale.

Nimekaa navyo peke yangu. Tajiri asiye na shahidi.

Halafu kikapita kikubwa, cha kijani, kutoka kwake hadi kwangu. Mkono ukapiga debe wenyewe. Nikajilaani. Kisha ng'ambo, debe.

"Nguruwe?" akaita Athumani.

"Kimondo."

"Kimeanzia kwangu hicho."

"Kimeangukia kwangu."

"Mwizi mkubwa wewe."

Nililia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikamwomba radhi kwa kupaza sauti, bonde zima likasikia. Akajibu, "Nilijua hukujua. Nilikununia wewe kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumnunia."

Tukapiga madebe hadi jogoo. Nguruwe hawakuja. Viazi vyetu vimepona kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 14 Desemba

Lori limewahi. Nimekimbia na wembe mfukoni, magoti yanalia kama mlango. Nimemkuta juu ya magunia, kanzu imejaa vumbi. Akanirushia debe lake, nikalidaka kwa kifua. Nimpe wembe wa nini tena? Akanitazama kichwa, akacheka mpaka akakohoa. "Zitunze hizo nywele, nitazikuta." Lori likashuka. Kona ya kwanza nikaona mkono. Kona ya pili vumbi.

Jumapili, 15 Desemba

Kanisani watoto wamecheka kichwa changu. Nimewatolea ulimi.

Usiku mbingu iko wazi. Ng'ambo hakuna moto. Vimondo vimepungua, kimoja, halafu unangoja sana. Sasa vyote ni vyangu, pande zote mbili. Sivitaki. Kimepita kimoja upande wa Lushoto, nikakipigia debe lako, Athumani. Huko chini hukusikia.

Panda basi siku moja, ndugu yangu. Wembe ninao, maji atachemsha Naomi. Hata upande mmoja tu. Zamu ni yako.