Sauti ya Bibi Yapelekwa Mpui kwa Flashi

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya Katandala leo haina adabu. Chai, kompyuta, chai tena. Nusu ya kwanza ya kamusi ya sauti ya Kifipa imekamilika. Msomaji ni Bibi. Nusu ya pili atasoma akiridhika na hii. Kasema mwenyewe, na Bibi habembelezwi. Jumamosi atakwenda kujisikiliza shuleni Mpui. Mtandao wa kule haubebi kitu. Nimenakili folda kwenye flashi, nimempa dereva. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 10 Juni
Mwalimu Sikazwe wa Mpui kapiga simu. Programu haifunguki, kompyuta inasema haina ruhusa. Kwangu inafunguka. Nimemkasirikia bila sababu.

Baadaye nimeelewa. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, kila faili lina ruhusa zake: nani asome, nani aandike, nani aendeshe. Flashi zetu hizi hazihifadhi hayo. Mafaili yamefika, ruhusa zimepotea njiani. Nimemtajia Mwalimu amri ya kufungua kila kitu kwa kila mtu. Imekubali. Nimejisifu.

Alhamisi, 12 Juni
Haraka haraka haina baraka. Kila kitu wazi, na wanafunzi wamefanya ya wanafunzi. Mmoja amerekodi mluzi juu ya neno la Bibi la ulezi. Nimecheka. Kisha nimeogopa kwelikweli. Bibi akiusikia huo mluzi, nusu ya pili nimeikosa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefungasha upya. Folda nzima ndani ya faili moja la tar, kama kifurushi kilichofungwa, ruhusa zimeandikwa humo humo. Flashi haizigusi. Programu: wote waendeshe. Sauti: wote wasikilize, wasibadilishe.

Nimepanda gari mwenyewe hadi Mpui, nikafuta folda ya zamani, nikafungua faili hilo kwa akaunti ya msimamizi wa mashine. Nimemwomba Mwalimu ajaribu kufuta sauti moja kwa akaunti ya wanafunzi. Kashindwa. Sijawahi kufurahia kushindwa kwa mtu kiasi hiki.

Jumamosi, 14 Juni
Bibi kaja na kitenge kipya, kaacha maharage yameanikwa uani kwake. Shikamoo zilimmiminikia. Akabofya neno, akasikiliza. Akabofya tena. Akauliza yule mama ni wa kijiji gani, maana Kifipa chake kimenyooka.

Nikamwambia ni yeye.

Akavua viatu, akavuta kiti, akasema tuanze na yaliyobaki.