Mawe ya Uwanja wa Consuelo

Consuelo, 6 Mei 1984

Mwanangu Eligio,

Mungu akubariki. Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Jana redioni tulisikia mechi yenu ya besiboli huko ng'ambo, ulivyoruka ukadaka mpira angani, karibu na kituo cha pili. Sisi tuliokuwa tukicheza domino tukaziacha mezani. Jirani yetu Fermín, ambaye hakusifu hata harusi yake mwenyewe, alinishika mkono. Tangu hapo siitwi Mwalimu tena, naitwa Baba wa Eligio. Lakini mtangazaji anasema mipira rahisi, inayotambaa chini, inakuponyoka. Kwa nini?

Baba yako

Hotelini, 2 Juni

Baba,

Naomba baraka. Mimi mzima; mpe mama pole ya goti. Mipira migumu naidaka bila kufikiri. Ile laini inapita chini ya glavu. Kocha amesema nikiendelea hivi, nitarudishwa nyumbani. Sijui ninapokosea.

Mwanao

Consuelo, 14 Juni

Mwanangu,

Mungu akubariki. Goti lina nafuu. Nimewaza sana, nikueleze polepole, kama darasani. Ulijifunzia kwenye uwanja wetu nyuma ya miwa, ambako mpira hugonga jiwe ukaruka. Mikono yako ikazoea kuinuka mapema. Huko nyasi ni kama zulia, mpira unabaki chini. Nawe unasubiri jiwe ambalo halipo. Iache glavu ardhini mpaka mpira uingie.

Baba yako

Hotelini, 27 Juni

Baba,

Barua yako imefika leo. Kocha aliniachisha timu jana. Mpira wa mwisho ulikuwa laini kabisa, nami niliinua mikono mapema, vile vile ulivyolieleza kosa langu. Wamenipa tiketi ya ndege. Nitapitaje mbele ya meza ya domino? Afadhali nibaki huku nioshe vyombo.

Eligio

Consuelo, 8 Julai

Mwanangu,

Hukuomba baraka, wala hukuandika "Mwanao." Mungu akubariki hivyo hivyo. Mama yako hajambo, ameshatandika kitanda chako.

Pale mezani niliwaeleza habari ya mawe. Fermín akasema, "Basi hata ule mpira wa angani, mawe yetu ndiyo yaliyomfundisha."

Sasa wanabishana. Wengine wanataka kuyaokota, vijana wasije wakakosea kama wewe. Wengine wanataka yabaki, vijana waje wadake kama wewe. Nimewaambia mtu asiguse hata jiwe moja mpaka aje aliyecheza kote kuwili. Wamekubali, hata Fermín.

Wanakungoja uamue.

Baba wa Eligio