Bata Anarudi Bule

Vulamba, vendredi usiku

Donc ule mwalimu wa Kasai, mupangaji wetu, amefungula ule mulango! Mimi ile jeu, muchezo wa mu telefone ya bibi yangu Zaina, ilinishinda siku mingi kuliko barabara ya Kasindi na mvua. Yeye alikaa jana na chai ya bibi yangu, akaimaliza.

Ni bata, anavusha mikungu ya ndizi mutoni. Ukikosa, anaanguka mu maji, anatoka na sandale ku kichwa, anakupigia saluti kama soda wa jeshi. Zaina alicheka mpaka machozi, lakini macho yake yalikuwa kwa mwalimu. Mimi, hajanichekea vile depuis mutoto wetu Asha azaliwe.

"Papa Asha," mwalimu akaniambia, "kila mara unarudisha bata na muzigo. Umuache arudi bule."

Arudi bule! Mimi ni shofere. Camion yangu haitoke Kasindi bila kintu, hata kama ni chumvi tu. Kurudi bule ni mambo ya batu ba mushahara.

Mais leo nilijificha mu cabine na telefone ya Zaina. Nikarudisha bata bule. Mulango ukafunguka! Bata akavaa kofia ya bwana arusi, akacheza. Nikakimbia ku jikoni.

"Zaina, kuya uone!"

Hakuacha kutwanga majani ya sombe. "Aa, ule mulango? Siye na mwalimu tulishafika mbali."

Kesho asubui naenda Kasindi. Telefone ni yake, inabakia.