Kikombe cha Chini ya Sinki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, magharibi mwa Sydney, Jumatano 14 Mei 2025

Jina: Rozina Ponsian, tangu Jumamosi Bi. Rozina Aloyce
Umri: Miaka 26
Kazi: Msaidizi wa jikoni
Makazi: Toongabbie, pamoja na mume wangu

Ninaeleza kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Ninafanya kazi katika jiko la vyakula vya sherehe, hapa Toongabbie. Mwenye jiko ni Bwana Prakash, Mkristo kutoka India, na tunasali kanisa moja. Mpishi ni Dada Suvarta, naye ni Mkristo kutoka India. Viza yake inamtegemea Bwana Prakash.

Wote tunakunywa chai kwa glasi za rafuni, isipokuwa Dada Suvarta. Yeye ana kikombe cha stili kinachokaa chini ya sinki, pamoja na dawa za kusafishia. Mwanzoni nilidhani anakipenda. Baadaye aliniambia kwao watu wake huitwa Dalit, tabaka la chini kabisa, na wengine huona kinyaa kushika walichoshika wao. Nilimuuliza mbona kanisani, kwenye meza ya Bwana, Bwana Prakash hunywa nasi kikombe kimoja.

Alijibu, “Angalia vizuri, mdogo wangu. Huhakikisha amenitangulia.”

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Mei nilifunga ndoa na Aloyce. Dada Suvarta ndiye aliyenisimamia. Aloyce alilia altareni, yeye mwanamume mrefu vile, na hadi sasa nikikumbuka natabasamu. Afisa ameniomba nirudi kwenye habari za jikoni.

Mnamo Jumatatu tarehe 12 Mei, kama saa nne asubuhi, nilipeleka kazini keki iliyobaki. Kwetu msimamizi huheshimiwa kwanza, kwa hiyo chai ya kwanza nilimmiminia Dada Suvarta, kwenye glasi ya rafuni. Alikataa. Nilimtania kwamba bibi harusi hanyimwi kitu wiki nzima. Akacheka, akaanza kunywa.

Bwana Prakash aliingia, akauliza, “Hiyo glasi atainywea nani tena?”

Nilisema, “Mimi.” Nikanyoosha mkono.

Kabla sijaipokea, aliipiga kwa kiganja. Chai ya moto ilimmwagikia Dada Suvarta shingoni na mkononi. Yeye akainama kuokota vipande vya glasi. Bwana Prakash alimkataza, akaniamuru mimi nizoe. Sikuzoa. Nilimpeleka Dada Suvarta bombani, kisha nikamwita Aloyce kwa simu, akaja kutuendesha hadi hospitali.

Jana jioni Bwana Prakash alinipigia simu. Alinipongeza tena kwa harusi, kisha akasema glasi ilimteleza Suvarta. Aliongeza kwamba maharusi wanahitaji kazi, na Suvarta anahitaji viza. Nilipokata simu, Aloyce aliniuliza tu, “Mke wangu, wewe uliona nini?” Nilimpenda upya.

Niliona Bwana Prakash akiipiga ile glasi. Haikuteleza. Jikoni tulikuwa watatu tu.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na niko tayari kuyarudia mbele yake.

Sahihi: Rozina Aloyce

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa na kukubali. Ameshauriwa kuondoa sehemu za harusi; amekataa. Vielelezo: vipande vya glasi, na kikombe kimoja cha stili. Shahidi ameuliza kikombe kitakwenda wapi kesi ikiisha. Amejibiwa kwamba kitarudishwa kwa mwenyewe. Mlalamikaji, Suvarta, aliyekuwa akisubiri nje na mume wa shahidi, ameulizwa kuhusu kikombe hicho. Amesema si chake.