Kicheko cha Mjukuu wa Dobi

Jumanne, 4 Juni
Wote wanaisimulia vibaya. Fundi viatu, jirani yangu, anasema mjukuu wangu alishtuka tu. Binti yangu, ambaye hata hakuwepo, anasema labda alitabasamu. Wapi! Nilikuwepo mimi, dobi mkubwa wa mtaa huu, pasi ya makaa mkononi. Nikajaza maji mdomoni, nikapuliza kwenye shati — pfuuu — na mtoto akacheka. Kwa sauti. Ana miaka mitatu, hajakaa, shingo bado haijakaza, wala hajawahi kumchekea mtu. Kamchekea babu yake. Angemchekea nani mwingine?

Jumatano, 5 Juni
Binti kampeleka hospitali kubwa. Degedege zimezidi, watalazwa.
Picha ya kichwa walishampiga zamani. Ubongo wake laini, hauna mikunjo kama ya wenzake. Kaumbika hivyo tangu tumboni. Siku ile nilimwambia daktari, ningejua ningeacha kupiga pasi mapema. Binti alicheka, kisha akalia. Eti, Baba, mizaha yako itakuja kutuponza.

Ijumaa, 7 Juni
Shuka moja nimeipiga pasi mara mbili. Mkeka wa mjukuu bado uko pale chini ya meza ya pasi. Nimepuliza maji hewani, bila nguo.
Fundi viatu kachungulia: mzee, unaoga au unafanya kazi? Nikamwambia naimwagilia meza, iote miguu mingine. Akacheka, akaenda zake. Ningependa akae kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Binti kapiga simu. Kamweleza daktari habari ya kile kicheko, na daktari kashtuka. Kumbe kuna kifafa cha kucheka — mtoto anacheka na wala hana furaha. Wanataka kumwongezea dawa, ile inayomlaza kutwa nzima. Ila kwanza shahidi aulizwe: Baba, alicheka vipi? Macho yalikuwa wapi?
Nikasema mtandao mbaya. Nikakata.
Hakucheka. Nilipopuliza alikuwa analia, akanyamaza. Akageuza uso polepole kuelekea shati, akatulia, kama anangoja. Nikapuliza tena, akageuka tena. Ni hivyo tu. Kicheko nilikiongeza mimi. Sasa ningemsimulia nani kwamba mtoto kanyamaza?
Simu inaita tena. Na mdomo nimeujaza maji.