Wageni wa Site ya Samaki

Mardi (Jumanne), kisha kula chakula

Weye daftari, siku zote hizi ulipotelea wapi? Hata kuniuliza hali yangu, hapana!

Mjukuu wangu Sifa alifungua upya site yetu ya internet ya kuuzisha samaki wa moshi. Ile ya zamani haikupata mutu, na bamama wenzangu wa soko walisema hii nayo ikikosa wageni, wanaitupa. Leo hesabu ilionyesha wageni makumi ine. Nikacheza soko nzima!

Sifa akacheka: « Koko, wote ni weye. Kila ukifungua, inakuhesabu. »

« Bon, sasa nitajua namna gani kama wageni wamefika, bila kwenda kuangalia? »

Akatoa telefone yangu katika hesabu. Akabaki mugeni mumoja, wa kule Bengamisa. Ameuliza bei, lakini hajanunua bado.

Daftari, kesho kuja na ukurasa mutupu. Akinunua, naandika jina lake kubwa. Asiponunua, naandika namna nilivyokimbia bamama niliowachezea leo.